Tani za Mwaloni, Shilingi za Kirumba

Jedwali la mavuno ya samaki huupa mkoa mstari mmoja tu: jina, idadi ya wavuvi na vyombo, tani, kisha thamani kwa shilingi. Nimefanya kazi chini kabisa ya jedwali hilo, mwaloni kwenyewe, pale ufukweni samaki wanaposhushwa, ambako hizo namba huokotwa. Nilianza kama mwandishi wa takwimu kwenye mwalo mmoja wa Ukerewe, kazi niliyoipata kupitia BMU yetu, kile kikundi cha kusimamia uvuvi pale ufukweni. Baadaye nikaachana na madaftari, nikaingia kwenye biashara ya dagaa kwa mtaji wa kuungaunga. Nimewahi kuwa mtu anayeandika bei, na nimewahi kuwa mtu anayeificha. Ndiyo maana nikisikia mkoa unasifiwa kwa tani au unabezwa kwa shilingi, huwa nataka kwanza kujua zile shilingi ziliandikwa wapi na saa ngapi.

Ukubwa wa jambo lenyewe si wa kubishaniwa. FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, lilihesabu tani milioni 11.3 za samaki waliovuliwa kwenye maji ya bara duniani mwaka 2022. Asia ilichukua karibu asilimia 63, Afrika karibu asilimia 29. Katika fungu hilo la Afrika, Ziwa Victoria lina kipande kinene: Tanzania, Uganda na Kenya zikijumlishwa, mavuno yake yamekuwa yakizungukia tani milioni moja kwa mwaka. Kwa Tanzania, zaidi ya asilimia 80 ya samaki wote wanaovuliwa hutoka maji baridi, ingawa mtu wa Dar es Salaam akisikia neno uvuvi anafikiria Feri na ngalawa. Kila tani kati ya hizo ilipita kwenye ufukwe fulani, ikakutana na mtu mwenye daftari, au ikampita bila kumwona.

Hakuna anayepima kila samaki. Mialo michache inachaguliwa, siku chache za mwezi zinachaguliwa, na siku hiyo mwandishi anateua vyombo vya kila aina, vya dagaa, vya makila (nyavu za kutega), vya ndoano, anapima vilichovua. Wastani wake unazidishwa kwa idadi ya vyombo iliyopatikana kwenye sensa ya uvuvi, ile ambayo nchi tatu za Ziwa Victoria zimekuwa zikiifanya kila baada ya miaka miwili hivi tangu 2000. Ndoo moja ikipimwa ovyo Ukerewe, ovyo huo unazidishwa mara nyingi sana kabla haujafika wizarani.

Na ndoo ina mambo yake. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani karabai, sasa taa za sola. Mbalamwezi ikikolea, mwanga wa taa hauna kazi, vyombo vinavutwa nchi kavu na vijana wanashona nyavu au wanalala. Siku zako za kupima zikiangukia mbalamwezi, utaandika sifuri mwalo mzima, na sifuri hiyo ni ya kweli. Zikiangukia katikati ya giza, mitumbwi inarudi alfajiri imezama hadi karibu na ukingo, akina mama wamekwisha jipanga majini na ndoo, wengine maji kiunoni. Mvuvi anachota kwa beseni, anamimina. Mnunuzi anataka ndoo yenye kilima. Muuzaji anataka ndoo iliyokatwa sawasawa na mdomo. Hapo ndipo bei halisi inapopangwa: shilingi hazibadiliki, kinachopanda na kushuka ni kilima. Mimi nilikuwa na mzani wa kuning'iniza niliokuwa nautundika kwenye mti wa chanja, nachukua ndoo ya huyu na ya yule, na ndoo mbili za bei ileile zilikuwa zinapishana kilo nzima na kitu.

Kuhusu bei, mazungumzo yalikuwa hivi, karibu kila asubuhi:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Haya, fanya haraka, jua hilo linapanda."

"Leo ndoo mmenunua shilingi ngapi?"

"Unamwandikia nani?"

"Ni takwimu tu, mama, za serikali."

"Basi andika ya jana."

Ya jana ilikuwa ndogo kuliko ya leo, bila shaka. Mwaloni mtu yeyote mwenye kalamu ni mtu wa ushuru mpaka athibitishe vinginevyo, na hana namna ya kuthibitisha. Halmashauri ina ushuru wake, kuna leseni, samaki wanaopelekwa nje ya nchi wana mrabaha. Mama yule hakuwa mwongo, alikuwa anajikinga. Nilipokuja kuwa mnunuzi nami nilijibu vilevile, na kwa sauti ileile ya haraka.

Kuna pia samaki ambao huwezi kuuliza habari zao kabisa. Sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Kokoro, nyavu ya kukokota hadi ufukweni, imepigwa marufuku, na timba, nyavu ya uzi mmoja wa plastiki, nayo vilevile. Nyavu ya dagaa yenye macho chini ya milimita 8 ni kosa. Samaki wa nyavu hizo wapo, wanavuliwa, wanauzwa na kuliwa, lakini hawapitii mbele ya mzani wangu. Wanashushwa mahali pengine, saa nyingine. Mwaka ambao doria ni kali, kama ilivyokuwa 2018, jedwali linashangaza kwa namna mbili: sangara wadogo wanaovuliwa wanapungua kweli kwa sababu nyavu zimechomwa, na wanaoendelea kuvuliwa wanajificha zaidi na daftari. Ukisoma namba peke yake huwezi kutenganisha mambo hayo mawili.

Sasa sangara mwenyewe, maana ndiye aliyeinua safu ya shilingi ya mikoa ya Kanda ya Ziwa. Aliletwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akakaa kimya muda mrefu, kisha miaka ya 1980 akalipuka na kuwala furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa, karibu wote. Viwanda vya minofu vilianza upande wa Kenya, vikafika Mwanza na Musoma miaka ya 1990. Kabla ya hapo, wazee wa visiwani wanasimulia, wanunuzi wa Kenya ndio waliokuwa wakija kuchukua samaki upande wetu. Kenya ina kama asilimia 6 tu ya ziwa, Uganda kama 43, sisi zaidi kidogo ya nusu. Mtu anayetafuta thamani ya uvuvi kwa kugawanya ziwa kwa rula atapotea. Fedha zilifuata barafu, barabara na uwanja wa ndege.

Na zikaondoka kwa njia hiyohiyo. Kati ya 1997 na 1999 Ulaya ilifunga soko la samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja: mara bakteria wa salmonela, mara kipindupindu, mara hofu ya samaki waliovuliwa kwa sumu. Nilikuwa bado mdogo. Lakini Machi 2020 nilikuwepo. Ndege ziliposimama kwa ajili ya korona, mawakala wa viwanda walikuja mwaloni na bei mpya ya kilo, na siku chache baadaye wakaja na nyingine ya chini zaidi. Ziwa lilikuwa lilelile. Mitumbwi ileile, makila yaleyale, samaki wa uzito uleule. Kama ungeandika tani tu, usingejua kwamba kuna chochote kimetokea duniani. Kama ungeandika shilingi tu, ungedhani sangara wamekwisha.

Halafu kuna ile bei ya wakala, ambayo mpaka leo naiona kama fumbo la ajabu kuliko yote kwenye fomu. Wakala anamkopesha mwenye mtumbwi injini, nyavu na mafuta. Mwenye mtumbwi, ambaye wavuvi wake wanamwita tajiri ingawa usiku halali kwa madeni, analipa kwa kumuuzia wakala huyohuyo samaki wote kwa bei iliyo chini ya ile anayopata jirani asiye na deni. Sasa thamani ya kilo ya sangara pale ni ipi? Ile aliyopokea mkononi? Ile ya jirani? Ile tofauti kati yao ni riba, ingawa hakuna mtu mwaloni anayeiita riba. Fomu ina kisanduku kimoja cha bei. Nilijaza bei aliyopokea, kwa sababu ndiyo niliyoulizwa, na kwa hiyo mwalo wenye madeni mengi ulionekana kwenye karatasi kuwa na samaki wa hali ya chini.

Zaidi ya hayo, thamani inayoandikwa ni ile ya mauzo ya kwanza. Sangara akishapanda kwenye mtumbwi wa barafu, jedwali la mkoa limemaliza naye kazi. Lakini samaki huyo ndiyo kwanza anaanza kuzaa fedha. Minofu, ambayo ni chini ya nusu ya uzito wake, inapanda ndege. Kichwa na mgongo vinabaki, ndiyo mapanki, na Mwanza kuna familia nyingi ambazo zimesomesha watoto kwa kukaanga na kuuza mapanki. Samaki aliyekataliwa kiwandani anachanwa, anatiwa chumvi, anaanikwa, anakuwa kayabo, anapakiwa kwenda Kongo. Na lile bondo, utando mweupe wa hewa ulioko tumboni, linakaushwa na kwenda Hong Kong na China, ambako kilo ya mabondo makavu inauzwa mara nyingi zaidi ya kilo ya minofu. Zamani kidogo samaki aliuzwa mzima na bondo likaenda humohumo ndani, bure. Siku hizi wavuvi wamejanjaruka. Nimeona samaki mkubwa akibishaniwa kwa robo saa, na hakuna aliyekuwa anazungumzia nyama: mnunuzi anambonyeza tumbo, mwenye samaki anasema "usimpasue kabla hatujaelewana", na kijana wa mzani anasubiri tu. Kwenye daftari yote hayo yanaingia kama sangara, kilo kadhaa, bei kadhaa.

Niseme wazi upande wangu: kwa uzito, sangara siye mwenye ziwa tena. Dagaa ni zaidi ya nusu ya mavuno ya Ziwa Victoria. Ukipanga mikoa kwa tani, unapanga mikoa kwa dagaa. Ukiipanga kwa shilingi, sangara anajipenyeza mbele na dagaa anarudi nyuma, kwa sababu kilo ya dagaa mbichi mwaloni ni rahisi mno. Watu wa mipango wakaona dagaa ni samaki wa maskini, kapu la kujazia tani. Nilipoingia kwenye biashara ndipo nilipoona thamani yake inakotengenezwa, na inatengenezwa kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni.

Mzigo wa dagaa ukishanunuliwa unatandazwa. Kwa mtaji mdogo unatandaza juu ya nyavu kuukuu chini, kwenye mchanga au mawe. Mwenye uwezo ana vichanja, meza ndefu za miti zilizowambwa wavu, kiunoni mwa mtu. Kwenye kichanja hewa inapita chini na juu, kuku na mbuzi hawafiki, mchanga hakuna. Kama jua ni zuri, mchana wanageuzwa kwa mkono au kwa fagio laini la vijiti, na jioni wanalia kama majani makavu ukiwashika. Dagaa hao wana rangi ya fedha, hawajavunjika vichwa, na mnunuzi wa soko la Kirumba akiwatia mdomoni hasikii chembe ya mchanga. Wale wa chini, jua likiwa zuri, nao wanauzika. Shida ni mvua. Masika wingu likipanda kutoka ziwani unaliona likija, na wanawake wote wa mwalo wanakimbia kukunja nyavu na kutupa maturubai. Dagaa aliyenyeshewa nusu njia anageuka mwekundu, kisha mweusi, mafuta yanamtoka, harufu inabadilika. Huyo haendi tena kwenye sahani ya mtu. Anakuwa dagaa wa kuku, anakwenda kusagwa kwa chakula cha mifugo, na bei yake inakatika.

Kwa hiyo tani ileile moja iliyoshushwa mwaloni inaweza kuishia na thamani mbili zisizofanana hata kidogo, kutegemea kama ilinyesha saa nane mchana. Jedwali halina safu ya mvua. Na kwa kuwa kilo moja ya dagaa mkavu inatokana na kilo tatu hadi nne za wabichi, kuna mkanganyiko mwingine mdogo lakini wa hatari: mwalo unaandika wabichi, maghala ya mjini yanahesabu wakavu kwa magunia. Nimewahi kusikia watu wazima wakigombana kwenye kikao kuhusu "upotevu" wa dagaa wa wilaya yao, kumbe wengine walikuwa wanataja wabichi na wengine wakavu.

Soko la Mwaloni Kirumba, pale Mwanza mjini, ndiko magunia hayo yanakokutana. Utawakuta wanunuzi wa Kongo, Rwanda, Burundi, na wale wa Dar es Salaam na Arusha. Pale gunia la Ukerewe, la Sengerema, la Musoma na la Muleba yanapewa majina kwa kutazamwa tu. Mnunuzi mzoefu anachota kiganja, anapuliza, anakwambia dagaa hawa ni wa kisiwa au ni wa ufukweni. Siku hizo ndipo nilipozoea kusema kwamba tani ni za mwaloni, shilingi ni za Kirumba. Mkoa unaoandikiwa ushuru wa soko na unaoandikiwa mavuno si lazima uwe mmoja. Dagaa wa Muleba ni wa Kagera kwa tani. Anapopata bei nzuri amekwisha kuwa bidhaa ya Mwanza.

Nilikwenda Kigoma kwa sababu ya wivu wa biashara. Dar es Salaam kilo ya dagaa wa Kigoma ilikuwa inauzwa mara mbili na kupita ya dagaa wetu, na mama lishe alikuwa analipa bila kulalamika. Nilitaka kujua wenzetu wanafanya nini. Nikashukia Kibirizi.

Jambo la kwanza ni samaki mwenyewe. Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni aina nyingine kabisa, jamaa wa dagaa wa baharini, na pamoja naye kuna lumbu, aliye mkubwa kidogo. Mgebuka anawafuata wote wawili na kuwala, naye mvuvi anamfuata mgebuka. Bujumbura wanamwita mukeke na wanamheshimu kuliko nyama. Ladha ya dagaa huyu ni tamu, na hilo huwezi kulitengeneza kwa kichanja. Jambo la pili ni ziwa. Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa, Victoria halifiki hata mia. Mvuvi wa Kigoma anakwenda na mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti, nyavu inashushwa katikati, taa zinawashwa, na usiku mbaya anaweza kurudi na beseni moja. Mavuno ni madogo kuliko yetu kwa mbali, lakini wanaoyangoja ni wengi: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia zote zinakula kutoka bakuli hilohilo. Jambo la tatu ni kwamba dagaa wa pale tayari ana jina. Mteja wa Kariakoo anaomba "wa Kigoma". Hakuna mteja niliyewahi kumsikia akiomba "wa Ukerewe".

Nikarudi na mtazamo ambao sikuwa nao. Mkoa wenye tani chache unaweza kumlipa mvuvi wake vizuri kwa kilo kuliko mkoa wenye tani nyingi, na bado ukawekwa chini kwenye orodha. Kinachonikera ni orodha zenyewe. Zinapanga mikoa kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, halafu mkuu wa wilaya anasimama jukwaani kuuliza kwa nini sisi ni wa tano. Wa tano kwa kigezo gani? Kwa ufukwe? Kwa idadi ya wavuvi? Thamani ukiigawa kwa mvuvi mmoja mmoja, orodha inapinduka, na hakuna anayependa kuona kilichoko chini yake.

Mipaka nayo inacheza. Mwaka 2012 ilizaliwa mikoa ya Geita, Simiyu, Katavi na Njombe. Geita ilichukua fukwe zilizokuwa za Mwanza, na Chato iliyokuwa ya Kagera. Busega ikaenda Simiyu. Karema na Ikola, mialo ya Tanganyika iliyokuwa ya Rukwa, ikawa ya Katavi. Ludewa na ufukwe wake wa Ziwa Nyasa ikatoka Iringa kwenda Njombe. Ukichukua mstari wa Mwanza wa mwaka 2010 na wa 2014 ukalinganisha, utaona anguko ambalo halikutokea majini. Nimeona mtu msomi kabisa akilieleza anguko hilo kwa uvuvi haramu, kwa ufasaha na kwa grafu. Nami nilikuwa nimeketi nyuma nikiwaza mwalo mmoja wa Geita, ambao asubuhi hiyo ulikuwa unafanya kazi kama kawaida.

Na samaki hafuati mpaka wowote kati ya hiyo. Mvuvi wa dagaa anahama na kambi yake. Giza hili yuko Ghana, kisiwa cha Ukerewe; giza lijalo yuko Goziba, upande wa Kagera. Tani zake zinaandikwa aliposhusha. Usiku ziwani kuna wanunuzi wanaokuja na boti kutoka nchi jirani wakiwa na fedha taslimu na bei nzuri, na samaki aliyeuzwa majini hashuki popote kwa upande wetu. Anakuwa takwimu ya nchi nyingine, au si takwimu kabisa.

Ziwa Nyasa nimelipitia kwa haraka zaidi, Kyela na Matema, nikitafuta usipa. Usipa ni samaki wa bahati: mwaka mmoja wanajaa hadi wanakosa wa kuwaanika, mwaka mwingine hawaonekani, na hilo si kosa la mtu, ndivyo samaki mdogo wa maji ya wazi alivyo. Mwenye thamani kule ni mbasa, samaki mkubwa anayepanda mito kutaga, na amekuwa adimu. Ziwa Rukwa na mabwawa ya Mtera na Nyumba ya Mungu sina la kujidai nalo. Nimekula perege wao wa kukaanga kando ya barabara, basi.

Mwaka 2024 utakuja kuwatesa wasomaji wa majedwali. Tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti serikali ilipumzisha shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka, ili dagaa na migebuka wapate nafasi ya kuzaliana. Kigoma, Katavi na Rukwa kwa miezi mitatu zikawa hazina cha kuandika kutoka ziwa hilo. Miaka kumi ijayo mtu atavuta mstari, ataona shimo, na kama hakuna aliyeandika maelezo pembeni atasema ziwa lilikuwa linakufa. Wenye biashara kama mimi tulijifunza kitu kingine katika miezi ile: aliyekuwa na stoo kavu na mzigo uliokaushwa vizuri alikuwa na kazi, na aliyezoea kuuza mbichi ufukweni hakuwa nayo. Safari hii tofauti ilikuwa kati ya watu wawili wa mwalo mmoja.

Mpwa wangu sasa anafanya kazi ile niliyoianza, ila yeye anaingiza namba kwenye simu badala ya daftari. Amenipigia juzi akiwa mwaloni, upepo unavuma kwenye simu hadi simsikii vizuri.

"Mjomba, ile mboga wanayogawana wavuvi kabla ya kuuza, naiweka wapi? Bei haina."

Mboga ni zile samaki ambazo kila mvuvi wa mtumbwi anachukua kwenda nyumbani, pamoja na za mlinzi wa chombo, za bibi anayekuja na sahani, za fundi aliyeziba mtumbwi juzi. Enzi zangu nilikuwa naanza kupima baada ya mboga kutoka, kwa sababu ndivyo nilivyoelekezwa. Nikamwambia apime kabla, aiingize kwenye tani, na kwenye thamani aipe bei ya ndoo ya asubuhi hiyohiyo, kwa kuwa nyumba ile isingepata mboga hiyo ingetoa fedha kuinunua. Akasema wavuvi watachukia kusubirishwa. Nikamwambia aanze na mtumbwi wa mzee mmoja ninayemfahamu, na ampe salamu zangu kwanza.

Jioni akanitumia picha: ndoo moja imejaa, ya pili iko nusu, ya mitumbwi minne tu.